Gari la Mashindano Huja Juu ya Lori

Nimeshawaambia nyinyi vijana wa gereji ya pale njia panda: mkija kunisalimu njoeni na salamu, msije na simu. Juzi mlinikalisha chini mkanionyesha picha ya gari jekundu, limelala chini kama mjusi, na mmoja wenu akasema kwamba gari la namna hiyo unalinunua dukani asubuhi, mchana unaliingiza kwenye mashindano, jioni unarudi nalo nyumbani. Sikuwajibu kwa sababu kinywa changu kilikuwa na viazi. Sasa nimeshameza, nisikilizeni.

Mimi Bauma nilishika spana hapa Masisi nikiwa sina hata unywele wa kidevu, nikaiweka chini macho yalipoanza kuninyima nyuzi za boliti. Katika miaka hiyo yote nilitengeneza gari moja tu kwa ajili ya mashindano. Lilikuwa gari zuri kuliko yote niliyowahi kuyafungua, na nusura liniulie dada.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Shamavu, mtu wa Kirotshe, mfupi, mkimya, mikono yake imejaa makovu ya moto. Lori likifika gerejini kutoka mlimani, hakuniruhusu kufungua kitu kabla sijalizunguka nikipitisha kiganja karibu na kila gurudumu. Karibu, si juu yake. Wiki ya kwanza sikuelewa tofauti, nikashika chuma. Alinipaka siagi, akaniambia sasa mkono wangu umesoma. Baada ya kiganja ilikuja pua. Breki iliyofanya kazi inanuka chuma, alinifundisha, lakini breki iliyochoka inanuka kama kwato la ng'ombe likiungua. Ukisikia kwato, usimuulize dereva habari za safari, mwambie ashuke.

Malori ya siku zile yalikuwa na desturi zake. Msaidizi wa dereva, konvoyeri tunamwita, alikuwa na kipande cha mti mgumu kilichochongwa mshazari. Ni kabari, lakini sisi tunaita kale. Lori likisimama mlimani, kabla dereva hajashusha pumzi, kale ilikuwa imeshaingia chini ya gurudumu. Konvoyeri asiye na kale ni abiria tu. Na kwenye kila kijito konvoyeri huyo huyo aliruka na ndoo akamwagia magurudumu maji, mvuke ukapanda, watu wa kando ya njia wakashangilia. Vyuma vya malori yale vilikuwa vinene, vilivumilia. Huku kwetu kila mtu, hata bibi kizee anayelima maharagwe, alijua kwamba gari lililofanya kazi huogeshwa. Liwekeni hilo akilini.

Sasa nije kwa shemeji yangu. Kubuya alikuwa mtu wa Walikale, wa msituni kabisa, mfanyabiashara wa Mubi. Alipeleka maharagwe yetu kwa watu wa machimbo, akarudi na mafuta ya mawese na nyama kavu. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, na sijawahi kumwona akikosa jibu. Alimuoa dada yangu Furaha, nami nilimpenda tangu siku ya kwanza ingawa nilijifanya simpendi, kama shemeji anavyopaswa kufanya.

Mimba yao ya kwanza ilikuwa msiba. Uchungu ulimshika Furaha wakati wa mvua, hakukuwa na gari, wanaume wakambeba kwa tipoyi, machela ya miti, mpaka Kirotshe, wakipokezana mabega kwenye utelezi. Walipofika hospitalini mtoto alikuwa ameshafariki. Wauguzi walisema kama angefika mapema wangemwokoa, na huyu mama asichelewe tena mara nyingine. Kubuya aliapa mbele yetu sote kwamba mtoto wake mwingine hatapelekwa kwa mabega ya watu.

Basi miaka ile wazungu wengi wa mashamba walikuwa wanafunga masanduku. Mmoja aliyekuwa anaondoka alikuwa na gari jekundu la viti viwili, paa lake la kitambaa, na Kubuya akalipata. Furaha alikuwa ameshashika mimba tena. Kubuya alimzungusha kuizunguka ile motokari akimshika mkono.

"Mama, hii njo tipoyi yako," alimwambia. "Mutoto hatajua hata kama tumetoka."

Msidhani alikuwa anadanganya. Alimpenda mke wake, na alipenda mbio, na katika gari lile aliviona vyote viwili vimekaa pamoja.

Lilipofika kwangu lilikuwa linakohoa moshi mweusi. Nilisafisha plagi, nikachuja petroli kwa kitambaa, nikafungua na kufunga mpaka nikalichukia. Kubuya alitaka kumwita mzee wa kwao aliondolee mkosi. Kumbe lilitengenezwa kwa watu wa nchi za chini, na huku juu kwetu hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini ilikuwa inakunywa petroli nyingi kuliko pumzi yake. Niliweka vijitundu vidogo kwenye kabureta, likaanza kuimba. Mzee wa Walikale akakosa mbuzi wake.

Mwishoni mwa mavuno shamba moja la kahawa huko juu lilifanya sikukuu, na kwenye sikukuu kulikuwa na mashindano ya magari. Njia ilikuwa mviringo: unatoka kwenye mabanda ya kukaushia kahawa, unauzunguka uwanja wa ndege wa majani kwa kona ndefu, unashuka kasi hadi kwenye nyumba ya maziwa, unakata kona kali kando ya josho la ng'ombe, unapanda tena. Unazunguka hivyo mpaka bendera ishushwe. Wa kwanza angepewa ndama, wa pili jibini zima, duara kubwa kama sinia. Kubuya aliutaka ule ndama ampe baba yetu.

Nilimwambia Kubuya kwamba Furaha amebakiza wiki chache ajifungue. Akanijibu kwamba mashindano hayamalizi hata nusu ya siku, gari litapumzika, na mwanamke akisema twende, tunakwenda. Na kweli nami nilitaka kuona lile gari likikimbia.

Tulilivua nguo ili liwe jepesi. Tulitoa paa, bampa, gurudumu la akiba, na kiti cha abiria. Vyote tukaviacha gerejini kwangu. Lakini uzito ni kitu unachoweza kukishika kwa mkono. Taabu za gari la duka nyingi huwezi kuzishika. Springi zake zilikuwa laini kwa ajili ya makalio ya mteja, kwa hiyo kwenye kona lililala upande mmoja, na gurudumu la ndani likanyanyuka na kuzunguka bure. Oili ilikuwa imekaa chini ya injini kwenye bakuli pana, na kwenye kona ndefu yote ilikimbilia pembeni, pampu ikanyonya hewa. Nililijaribu mwenyewe kwenye uwanja wa ndege: katikati ya kona mshale wa oili ulianguka kabisa, nikaondoa mguu. Niliongeza oili kidogo, nikaomba Mungu. Na breki, ambazo sisi tunaita freni, zilikuwa nzuri kwa mtu anayesimama sokoni, anaongea na watu, kisha anaendelea. Mashindano hayasimami sokoni.

Siku yenyewe tulifika mapema. Furaha aliketi kwenye ukingo wa majani pamoja na kina mama. Ndipo lilipopanda lori la shamba la jirani, la mzungu tuliyemwita Bwana Ndevu, na juu ya lori kulikuwa na gari limefungwa kwa kamba. Halikuwa na milango, halikuwa na taa, lilikuwa limekatwa na kuunganishwa kwa mabati, rangi yake huijui. Watu walicheka. Kubuya aliinua sauti ili asikike.

"Hii ni motokari ao ni mugonjwa? Mbona wanaibeba?"

Aliyeshuka upande wa dereva wa lori alikuwa Papa Shamavu. Siku hizo alikuwa amehamia kwa Bwana Ndevu, na lile gari baya alikuwa amelitengeneza yeye. Nilimsalimu kwa mikono miwili. Hakukasirika kwa kile kicheko, alinipeleka akanionyesha: breki alizoziwekea matundu ya kuvuta upepo, springi ngumu kama jiwe, vipande vya bati ndani ya bakuli la oili ili isikimbilie pembeni. Kiti kilikuwa kimoja, chembamba, kimetengenezwa kwa mgongo wa Bwana Ndevu tu. Nikamuuliza linatembeaje barabarani.

"Haitembei," alisema. "Hii iko na kazi moja tu." Kisha akaligeukia gari letu, akamtazama Furaha pale kwenye majani, mkono wake kiunoni. "Yenu iko na kazi ngapi, Bauma?"

Nilikwenda kukaza boliti ambazo nilikuwa nimeshazikaza.

Nilisimama kwenye kona ya josho. Mizunguko ya kwanza Kubuya aliongoza, na watu wa Mubi waliokuja naye wakapiga filimbi. Alikuwa anashuka kutoka uwanja wa ndege kasi sana, anakanyaga breki karibu na nyumba ya maziwa, gari linainama pua, linakata kona. Kisha nikaona anaanza kukanyaga mapema. Kisha mapema zaidi. Moshi wa buluu ulitoka kwenye magurudumu ya mbele, na lilipopita karibu nami upepo ukaniletea kwato. Nilivua shati nikampungia asimame. Aliniona, akacheka, akanipungia na yeye. Mzunguko uliofuata alipiga pedali mara mbili, mara tatu, mguu wake ukifanya kazi kama wa mama anayeshona kwa cherehani, na akaikosa kona, akapanda majani, akarudi njiani huku ng'ombe wakitawanyika. Gari la mabati likampita. Bwana Ndevu alikanyaga breki mahali pale pale kama mwanzo, kila mzunguko, mpaka bendera ikashuka.

Kubuya alikuwa wa pili. Watu walimbeba mabegani, wakampa jibini, naye mtu wa msituni ambaye alisema jibini linanuka miguu akalikumbatia kama mtoto. Nilikimbilia gari, lakini shangwe za watu zilinitangulia. Vijana wa nyumba ya maziwa walikuwa wameshajaza vile vyombo vya maziwa maji baridi ya kijito, na wakaliogesha gari kama wanavyoogesha lori. Nilisikia vyuma vikilia. Nilipofika, mvuke ulikuwa umefunika magurudumu, na sahani ya breki ya kushoto ilikuwa imepinda na kuchanika ufa ambao ukucha wangu uliingia. Hakuna aliyekosea kwa nia mbaya. Walilifanyia gari letu heshima waliyoijua.

Nilikuwa bado nimepiga magoti pale niliposikia mama mmoja akiliita jina la dada yangu.

Maji yalikuwa yameshavunjika. Furaha alikuwa amesimama ameshika mti wa uzio, hakulia, alikuwa ananitazama tu, na kwa macho yake nilijua anaikumbuka ile tipoyi. Kubuya alitupa kicheko chake chote. Nilimwambia gari halifai, breki zimekufa, tumngojee Papa Shamavu afunge kamba twende na lori. Alisema lori litafika mtoto ameshaoa. Alisema gari hili alilitafuta kwa siku hii. Furaha mwenyewe aliamua.

"Twende," alisema. "Sitaki kungoja tena."

Kiti chake kilikuwa gerejini. Tulimwekea magunia ya maganda ya kahawa pale chini kwenye bati, akakaa hapo akishikilia mlango, lile jibini miguuni pake. Mimi nilijikunja nyuma, mahali pa gurudumu la akiba. Kabla ya kupanda nilichomoa kale kwenye lori la Papa Shamavu. Aliniona nikiichukua, akainamisha kichwa.

Wanangu, njia ya kushuka Sake kwenda Kirotshe mnaijua nyinyi kwa pikipiki. Wakati ule ilikuwa nyembamba, kulia ukuta wa mlima, kushoto hakuna kitu. Mwanzoni Kubuya alishuka polepole na usukani ulimtetemesha mikono mpaka mabegani. Kila alipokanyaga, ile sahani iliyopinda iligonga, na kila ilipogonga Furaha alifumba macho. Nilimwambia arudi gia ndogo. Aliingiza ya pili, injini ikapiga kelele, ikashika. Nikashukuru Mungu mapema mno.

Kwenye mteremko mrefu pedali ilikwenda mpaka chini ikabaki huko. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka tangu kwenye mashindano, na ndani ya bomba palikuwa na mvuke tu. Kubuya alipiga, akapiga tena. Alivuta breki ya mkono, ikanuka, haikushika. Alitafuta gia ya kwanza, na gia ya kwanza ya gari lile haikubali kuingia likiwa mbioni. Ilisaga meno, ikamtema. Kwa kitambo gari halikuwa na gia wala breki, na lilikuwa linakwenda kwenye kona ambayo chini yake niliona ng'ombe wadogo kama maharagwe.

"Papasa mulima," nilimwambia sikioni. "Papasa mulima."

Akalielekeza ukutani. Ubavu wote wa kulia ulisugua udongo na mawe, mlango ukakunjika, Furaha akajivutia katikati, kichwa chake mapajani mwa mume wake. Mwendo ulipungua, lakini haukuisha. Niliruka. Nilianguka, nikainuka, nikakimbia ubavuni mwa gurudumu la nyuma na kulitupia kale. Gurudumu liliisukuma mbele kwenye mchanga. Niliishika nikaitupia tena, mguu wangu nyuma yake, na gari likaipanda nusu, likarudi, likakaa.

Niliogopa kutazama. Kisha Furaha akapiga kelele, na kelele ile ilikuwa ya uchungu wa mtoto, si ya kifo, nikakaa chini barabarani nikalia kama mjinga.

Kubuya alimtoa garini. Alimshika chini ya makwapa, akatazama chini, akatazama juu. Hakukuwa na nyumba. Akaniuliza kama mimi na yeye tunaweza kumbeba. Hakuitaja tipoyi, lakini wote watatu tuliisikia.

Ndipo tukasikia injini ya lori huko juu, ikinguruma polepole, katika gia ndogo. Ilituchukua muda kuliona. Papa Shamavu alipofika alisimama mbali kidogo, konvoyeri wake akaweka jiwe mahali pa ile kale niliyoichukua. Mzee alimpandisha Furaha mbele pamoja na mama mmoja aliyekuja naye. Sisi wawili tulipanda nyuma. Huko nyuma kulikuwa na lile gari la mabati limefungwa kwa kamba, hakukuwa na mahali pengine, na Kubuya akaketi ndani yake, kwenye kile kiti chembamba, jibini mapajani, mikono yake ikishika usukani kwa kukosa cha kushika. Lori lilishuka kwa mwendo wa ng'ombe. Kila Furaha alipolia, Kubuya alipiga bati la kichwa cha lori akiomba mwendo uongezwe kidogo, na mwishowe Papa Shamavu alitoa kichwa dirishani.

"Mulima tunashuka na vitesi tunapandia nayo," alisema, yaani gia ile ile. "Nitamufikisha."

Hakuongeza mwendo. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mzee yule katika njia ile, na sijawahi kumheshimu mtu zaidi.

Tulifika Kirotshe jua likiwa bado juu ya ziwa. Walimpokea mlangoni. Tulikaa kwenye ngazi, Kubuya bado amelikumbatia jibini. Kisha tukasikia sauti ndogo, kali, yenye hasira. Muuguzi alitoka akatuambia ni msichana, mama mzima, mtoto mzima.

Lile gari jekundu halikutembea tena. Tulilivuta baadaye, injini yake ikasaga unga wa muhogo kule Mubi miaka mingi, na ilisaga vizuri, kwa sababu ilipewa kazi moja.

Lakini mkitaka niwaambie taabu kubwa ya kupeleka gari la nyumbani kwenye mashindano, sitawarudisha kwenye breki wala oili. Nilikuwa nimesimama mlangoni Kubuya alipoingia kwa Furaha. Hakuwa na zawadi nyingine, akamwekea lile jibini kitandani, karibu na mtoto. Furaha alilitazama, akamtazama mume wake aliyejaa udongo wa mlima.

"Muzuri," alisema. "Sasa tutarudia na nini ku nyumba?"

Kubuya, yule ambaye hakuwahi kukosa jibu, alikaa chini sakafuni akaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa kitanda. Furaha akamwekea mkono kichwani. Nje Papa Shamavu alikuwa analizunguka lori lake, akipitisha kiganja karibu na kila gurudumu.